Pamba Uliyoisokomeza Kwenye Kompyuta Yangu

Masunga, mdogo wangu,

Simu zangu hupokei. Ujumbe unausoma, alama zinageuka buluu, hujibu. Minza alipokupigia kwa namba ya jirani ulisikia sauti yake ukakata. Kwa hiyo nakuandikia hapa, kwenye ukurasa ambao huwa naandika habari za mvua na masoko ya pamba. Usiposoma wewe, atasoma mtu unayekunywa naye chai huko Kahama, naye atakusogezea gazeti.

Barua za namna hii huanza na neno mpendwa. Nimelifikiria kwa siku mbili nikaliacha. Kazi yangu imenizoesha kuandika ninachokijua tu.

Kwa wasiotufahamu: tuko watoto watatu wa mama mmoja. Mimi ni wa kwanza, mwandishi wa habari hapa Bariadi. Wewe ni wa kati, fundi kompyuta. Minza ni wa mwisho, mkulima, aliyebaki Kimali na mama mpaka siku ya mwisho. Baba alikuwa mtu wa Mwamanyili. Alipofariki, shamba lake la huko ulilichukua wewe kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume, na hakuna aliyepinga. Ulishaliuza. Mama alirudi kwao Kimali, kaka zake wakampa kipande cha pori, akakifyeka kwa mikono yake mpaka kikawa shamba. Hilo la Kimali ndilo unalotaka kuliuza sasa. Mnunuzi kutoka Mwanhuzi ameshakuja na kamba ya kupimia na vigingi. Kigingi kimoja amekipigilia hatua chache kutoka jiko la Minza, na watoto wanakitumia kufungia mbuzi.

Jumamosi hii wazee wa ukoo wanakaa Kimali kwa mara ya mwisho. Wakikubali maneno yako kwamba na hili ni la mtoto wa kiume, Minza na wanawe hawatapanda hapo msimu huu wala mwingine wowote.

Hayo tutayarudia. Kwanza nataka tukumbushane habari za kelele, kwa sababu ndizo zilizotufikisha hapa.

Unaikumbuka redio ya mama? Ndogo, ya betri, spika yake imechoka kiasi kwamba taarifa ya habari tuliisikia kwa kubandika sikio. Ulikuwa darasa la tatu. Siku moja ukaichukua ukaitumbukiza kwenye sufuria ya ugali, ukaiegemeza ukutani, na sauti ikajaa chumba kizima. Mama akaingia na mwiko mkononi, akasimama, akasikiliza. Akasema, "Leo basi tutakula habari." Tulicheka mpaka Minza, ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni, akaanza kucheka bila kujua kisa.

Nakukumbusha sufuria ile kwa sababu inakuhukumu. Mtoto wa darasa la tatu aliyejua kwamba chombo kitupu hukuza sauti hakukua akawa mtu mzima asiyejua kwa nini kasha la bati linanguruma. Ulijua. Ulikuwa mvivu tu.

Kompyuta yangu ya mezani uliniletea wewe kutoka Mwanza, imefungwa kwenye shuka, ndani ya buti la basi. Uliiweka mezani kwenye chumba changu cha kazi hapa Somanda, ukaichomeka, ukaiwasha, na paka akatoka nje. Ilikuwa na sauti tatu kwa pamoja: mngurumo wa chini uliotikisa kikombe cha chai, mluzi mwembamba juu yake, na katikati mkwaruzo uliokuja na kuondoka. Nikakuuliza kama ndivyo inavyotakiwa kuwa.

"Dada, kompyuta isiyonguruma imekufa," ukasema. "Wewe piga kalamu. Mashine niachie mimi."

Nilikuachia. Kila nilipolalamika ulikuja, ukafungua ubavu wa kasha, ukapuliza vumbi kwa mdomo, ukakohoa, ukafunga, ukamaliza soda, ukaondoka. Hayo ndiyo yalikuwa matengenezo. Kasha lilikuja na skrubu nne ubavuni. Baada ya mwaka zilibaki mbili.

Mimi narekodi vipindi vya kilimo kwa ajili ya kituo kimoja cha redio Mwanza. Nafunga maiki kwenye kompyuta, mgeni anakaa, tunaongea, natuma. Mhariri wa vipindi, Neema, ni mwanamke mpole, lakini kelele hazivumilii. Kila wiki nilipigiwa simu.

"Mama Kulwa, mgeni wako leo ni nani? Maana namsikia trekta peke yake."

"Ni mzee wa Mwamanyili, ana miaka mingi kwenye mpunga."

"Basi mwambie azime injini kwanza."

Nilikuhadithia, ukacheka. Ukasema watu wa Mwanza wanajidai.

Kisha mama akaja. Mguu ulikuwa umevimba, akawa anakwenda hospitali na kurudi, anakaa kwangu. Alikuja na vitu viwili: kuku mmoja na kiroba cha pamba kutoka shambani, pamba yenye mbegu zake, haijachambuliwa. Alitaka kutengeneza mto mnene wa kuwekea mguu, kwa sababu mito ya dukani, alisema, imejazwa upepo. Mchana alikaa barazani akichambua mbegu kwa vidole, moja moja, na kila aliyepita alisalimiwa na kuulizwa habari za kwao.

Nikaona nimrekodi. Mwanamke aliyelima pamba tangu akiwa msichana, ana mengi ya kuwaambia wanaoanza. Ulikuwepo siku hiyo. Ulikuja "kuicheki feni," bisibisi mkononi. Mama alikaa karibu na maiki, mguu juu ya kigoda. Tulipofika kwenye habari za wadudu, mwanamke anayetuletea maziwa akabisha hodi. Nikatoka. "Mwadila." "Mwadila, mayu." Kwa Kisukuma, mayu ni mama. Baada ya salamu tukaongea habari za ng'ombe wake waliokuwa hawashibi. Niliacha mashine inarekodi.

Niliporudi mama aliniambia, "Nimeshaongea na Masunga jambo la shamba. Atakueleza."

Ukanikatiza kabla sijauliza. "Mambo ya kawaida tu, dada. Endelea na wadudu."

Nikaendelea na wadudu. Nimewafundisha waandishi wengi wapya kwamba mtu akikwambia ni mambo ya kawaida, hapo ndipo unapoanza kuuliza. Siku hiyo sikuuliza. Hilo ni kosa langu na naliandika kwa jina langu.

Neema alisikiliza mwanzo wa rekodi ile akaikataa. "Mama yako ana sauti nzuri, nahisi. Sina uhakika. Rudia." Nikainakili kwenye flashi, nikaitupia kwenye droo pamoja na nyingine zilizokataliwa.

Nikakwambia: mama atarekodi tena, na safari hii chumba kiwe kimya. Ukasema nikupe siku moja. Nilikuwa nakwenda mnadani Mwanhuzi kuandika habari za mifugo, nikakuachia ufunguo.

Niliporudi jioni nikabonyeza kitufe, sikusikia kitu. Nikadhani umeme umekatika. Kisha kioo kikawaka. Ulikuwa umesimama mlangoni umefunga mikono kifuani kama bwana harusi.

"Nimeipa tiba," ukasema.

"Umeifanya nini?"

"Siri ya fundi."

Mama akacheka kutoka barazani. "Masunga ameifanyia mashine mto. Mguu wangu umebaki na nusu kiroba."

Nilidhani anatania. Sikufungua kasha. Nilifurahia ule ukimya kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga na kuingia kanisani, na kesho yake tukarekodi. Hukuwepo. Mama aliongea kwa utulivu, na mwishoni akasema maneno ambayo sikumuuliza: shamba la Kimali ni la Minza, kwa sababu Minza ndiye anayelilima na ndiye aliyebaki. Yalisikika safi kabisa. Niliyasikiliza mara mbili. Nilikusudia kuyatoa kwenye kompyuta mwisho wa wiki.

Siku tatu baadaye chumba kilinuka kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Kioo kikaganda, kikazimika. Ndani kukasikika tik, tik, tik, halafu basi.

Nilifungua kasha mwenyewe. Uliijaza pamba, Masunga. Pamba ya mama. Umeisokomeza pembeni, juu, chini, umeizungushia hadidiski kama mtoto mchanga anayeogopewa baridi, umeziba matundu yote ya nyuma ambako hewa hutokea. Iliyokaribia prosesa ilikuwa imegeuka kahawia na sehemu nyingine nyeusi. Na kwenye feni ya prosesa, katikati ya mapanga yake, kulikuwa na mbegu moja ya pamba, imekwama. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya ukimya. Feni ilikuwa haizunguki.

Nikakupigia. Siku hizo ulikuwa bado unapokea.

"Hilo ni vumbi, dada. Bariadi kuna vumbi."

"Masunga, nimeshika pamba mkononi."

"Kidogo tu. Ya kuzuia mtetemo. Watu wanafanya."

"Watu gani?"

"Mafundi."

Sijapata kumuona fundi mwingine aliyefanya hivyo, na nimeuliza. Nadhani ni kosa linaloweza kufanywa kwetu tu, ambako tukitaka kulala, kuziba, kubeba chombo cha kioo au kumzika mtu vizuri tunanyoosha mkono na pamba ipo. Aliyekulia mahali pengine angetafuta kifaa. Wewe ulitafuta kiroba.

Hadidiski ilikwenda Mwanza ikarudi na jibu kwamba imekwaruzika ndani na hakuna kinachotoka. Mama akarudi Kimali na mto mwembamba. Nilimwambia nitamfuata wiki inayofuata na mashine ya kuazima. Kukawa na uchaguzi wa viongozi wa ushirika, kukawa na mafuriko, kukawa na habari. Wiki zilipita. Minza alinipigia asubuhi moja akasema mama hajaamka.

Tulipomaliza matanga, kikao kikakaa. Mjomba, kaka yake mama, akiwa mbele. Nikasema nilichokisikia. Unakumbuka ulichojibu? Mimi nilikiandika pale pale, mbele yako.

"Wazee wangu, dada ni msomi, ni mwandishi. Huko kwao hawaandiki bila ushahidi. Sasa dada, hiyo sauti ya mama unayo? Tuwekee hapa tuisikie."

Nikasema iliungua.

"Iliungua," ukawaambia wazee, taratibu, ukiwatazama mmoja mmoja. "Kwangu mama hakuwahi kulitaja hilo jambo. Hata siku moja."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Minza alikuwa amekaa chini na wanawake, akainamisha uso. Mjomba akasema kila mtu akatafakari, kikao kitarudi.

Tuwekane sawa hapa. Sisemi kwamba uliijaza pamba ili rekodi iungue. Ile ya pili ulikuwa hujaisikia, na sina ushahidi wa nia yako. Inawezekana kabisa kwamba ulikuwa mzembe kwanza na mwongo baadaye. Ninachojua ni kwamba uliunguza kitu, kisha ukadai ulichokiunguza.

Baada ya kikao nilikumbuka ile flashi ya kwanza. Nilikuwa nimepata hadidiski nyingine ya mtumba, kompyuta ikawaka, ikawa mbaya kuliko mwanzo. Nikachomeka flashi. Rekodi ilikuwa inanguruma, na mashine iliyokuwa ikiipiga nayo inanguruma. Nilisikia mngurumo juu ya mngurumo. Nikaizima kabla ya wadudu.

Neema naye akanipa onyo la mwisho. Akasema kituo kinapunguza vipindi, na changu kitakuwa cha kwanza kuondolewa kama sauti ni ile ile. Ndipo nikamwendea Mwalimu Saidi, mtu wa Pangani aliyehamishiwa huku kufundisha fizikia. Alikuja Jumamosi na bisibisi moja na sikio. Akatazama mabaki ya pamba niliyoyahifadhi kwenye mfuko.

"Mama Kulwa, fundi wenu huyu alikuwa anatengeneza kompyuta au anashona godoro?"

"Ni mdogo wangu, Mwalimu."

"Oh. Pole sana. Basi alikuwa anashona godoro kwa upendo."

Nilimwambia ninataka kununua feni mpya. Akakataa. "Usianze kununua, bibie. Anza kusikiliza. Hapa ndani wanapiga kelele wanne au watano. Kila mmoja ahojiwe peke yake."

Hilo nililielewa mara moja, ndiyo kazi yangu. Tukafungua ubavu. Aliichomoa feni moja kwa sekunde chache tu, tukasikiliza kilichobaki, akairudisha, akachomoa nyingine. Nilikuwa naandika. Nakuandikia majibu kama yalivyotoka, ili mteja wako mwingine asijaziwe godoro.

Mluzi ulikuwa wa feni ya prosesa. Ni ndogo, upana wa kopo la maziwa, na ilikuwa inakimbia kwa nguvu zake zote mchana kutwa. Ilikimbia kwa sababu ile pesti inayopakwa kati ya prosesa na bati lenye mapezi la kupozea ilikuwa imekauka kama udongo wa kichuguu. Joto lilikuwa halipandi kwenye mapezi, prosesa ikachemka, feni ikatumwa kukimbia zaidi. Wewe uliipuliza kwa mdomo miaka yote hiyo na hukuwahi kuiinua ukatazama chini yake.

Mkwaruzo ulikuwa wa feni ya pawasaplai, kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha. Vyuma vyake vya kuzungukia vilikuwa vimekauka mafuta. Mwalimu alisema pawasaplai za namna ile hupoteza umeme mwingi kwa kuugeuza joto, kisha zinapiga kelele kuliondoa joto lile lile zililolitengeneza. Alisema amewahi kufanya kazi na wakuu wa idara wa namna hiyo.

Mngurumo wa chini ndio ulionishangaza. Ulikuwa wa hadidiski. Yenyewe ina mtetemo mdogo, ukiishika mkononi huusikii. Lakini ilikuwa imekazwa moja kwa moja kwenye bati la kasha, na kasha lina skrubu mbili badala ya nne. Mtetemo unaingia kwenye bati, bati linaupaza. Sufuria ya ugali, Masunga. Ulikuwa umeiweka redio kwenye sufuria kwa mara ya pili na hukuitambua.

Vifaa vilikuja kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Badala ya hadidiski nilifunga SSD, ambayo haina kinachozunguka ndani, na mngurumo ukafa siku hiyo hiyo. Juu ya prosesa tulisafisha, tukapaka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele, tukaweka kipoza joto kikubwa chenye mabomba ya shaba na feni pana kama sahani ya wali. Feni pana ikizunguka polepole inasukuma hewa ile ile ambayo ndogo huisukuma kwa kukimbia na kulia. Feni ya nyuma ya kasha tukaibadilisha vivyo hivyo. Pawasaplai mpya ni nzuri, feni yake husimama kabisa mashine ikiwa na kazi ndogo. Tulikata mpira wa ndani wa baiskeli tukaweka vipande kwenye kila sehemu chuma kinapogusana na chuma. Skrubu zote nne zikarudi. Mbele tukafunga wavu mwembamba wa kuzuia vumbi, nao nauosha kila Jumamosi, kwa sababu vumbi la Bariadi lipo kweli, hapo hukudanganya. Mwisho Mwalimu akaingia kwenye mipangilio ya kompyuta akaziambia feni zisikimbie mpaka joto lipande.

Hakuna tulichojaza ndani. Ndani mna nafasi tupu, na hewa inapita humo bila kuzuiwa. Ukiondoa joto, kelele inakosa kazi. Ungeweza kujifunza hayo kwa mchana mmoja.

Jumapili iliyopita asubuhi nilitaka kupima tofauti. Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa imefungwa, watu wako ibadani. Nikarekodi dakika chache za chumba kitupu. Nikatafuta rekodi ya zamani ya kulinganisha nayo, mkono ukaangukia ile flashi ya droo. Nikavaa hedifoni, nikaiacha ipige, nikawa naandika maelezo ya kumtumia Neema. Mngurumo ulikuwepo, lakini sasa ulikuwa mmoja tu, wa kwenye rekodi, na baada ya muda sikio lilianza kuuzoea na kusikia yaliyo nyuma yake.

Nilisikia kigoda. Nilisikia mlango, nami nikisema mwadila nje. Kisha mama. Alisema kwa Kisukuma, naiweka kwa Kiswahili ili wote waelewe.

"Masunga. Lile shamba la kwetu Kimali ni la Minza. Wewe una la baba yako. Umenisikia?"

Halafu wewe, kwa mbali, ukiwa umeinama kwenye kasha: "Nimesikia, mayu."

Hayo yangetosha kubishaniwa. Sauti iko chini, ungesema si yako, ungesema ulikuwa unajibu jambo jingine. Lakini mama alikuwa hajakusikia. Mashine yako ilikuwa inanguruma.

"Unasema? Sema kwa nguvu, hiki kitu chako kinapiga kelele!"

Na wewe ukasogea. Nasikia hatua zako. Ukasimama karibu naye, yaani karibu na maiki, ukapaza sauti kama unayeita mtu ng'ambo ya mto.

"Nimesema nimesikia, mayu! Shamba la Kimali ni la Minza! Mimi silitaki!"

"Haya," akasema mama. "Na feni yako hiyo ishughulikie."

Nilivua hedifoni nikakaa. Sikulia. Nilifanya kile ninachofanya siku zote nikipata kitu: nikasikiliza mara ya pili kuhakikisha, nikaandika maneno yote na mahali yanapoanzia, nikatoa nakala.

Ungeifanya kazi yako sawasawa, Masunga, ungejibu kwa sauti ya chini na nisingekuwa na kitu. Ungeweka pesti mpya, ungerudisha skrubu mbili. Miaka yote ile ya kupuliza kwa mdomo ndiyo iliyokufanya upige kelele mbele ya maiki.

Nakala moja anayo Mjomba. Alinitaka niirudie mara tatu, kisha akauliza kama huyo anayepiga kelele ni wewe, nikamwambia ajibu mwenyewe. Akasema, "Ni yeye. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiita ng'ombe." Nyingine nilimpelekea Minza kwenye simu yangu. Sikumwambia atarajie nini. Alisikiliza akiwa amesimama karibu na kile kigingi, akasema tu kwamba ameisikia sauti ya mama, na akauliza kama anaweza kubaki na simu yangu mpaka jioni. Nakala ya tatu nilikutumia wewe Jumapili ile ile. Alama bado ni za kijivu.

Jumamosi nitakwenda Kimali na spika. Mjomba atakuwepo na wazee wale wale, na yule aliyecheka nyuma nimemwalika mwenyewe. Nimeomba nikupe nafasi ya kusema kabla sijaipiga, kama ninavyompa kila mtu ninayemwandika. Ukija, kiti kipo, na unaweza kusema mwenyewe kwamba mama alikuambia na wewe ulikubali. Ikiwa hivyo nitaizima spika na wazee hawatasikia kitu. Usipokuja, nitaipiga mpaka mwisho, pamoja na lile la feni.

Kile kigingi cha karibu na jiko kingoe wewe. Ukipita njia ya Mwanhuzi utafika kabla ya saa nne.

Mimi dada yako mkubwa,
ambaye bado anayo ile mbegu.